Mkono Nisioutazama

Watu wa Kawangware watakuambia kwamba Ambrose Lusweti hakuwahi kutoa picha chafu. Nilikuwa nimeandika ukutani mwa studio yangu kwa rangi nyekundu: PICHA BILA DOA. Ukija na chunusi, unaondoka bila chunusi. Ukija na kovu ulilolipata ukiiba miwa utotoni, kovu linabaki kwangu. Wengine walisema huo ni uongo. Mimi nilisema ni adabu, na aliyebishana nami alienda kupigwa picha kwingine, akarudi nyumbani na uso wake mwenyewe, akajuta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vumbi likitua juu ya filamu wakati wa kuchapa, picha hutoka na vidoa vyeupe. Mchapaji mwenye aibu zake huchukua brashi nyembamba na wino, akavijaza kimoja baada ya kingine mpaka vipotee. Na Kawangware ya miaka ile ilikuwa vumbi tupu. Mkono wangu ulizoea kujaza vidoa hata akili ikiwa inawaza ugali. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, nami nilidhani wanawasemea walevi.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa tisini na sita, mama mmoja aliingia studio akiwa amejifunga gurbaba, ile nguo ndefu ya akina mama wa Kinubi. Mkono wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya nguo. Mkono wa kushoto ulinipa karatasi kutoka kwa Daktari Muia wa ile zahanati iliyo nyuma ya soko letu.

"Mimi ni Fatna, Mama Hadia wa Makina," akasema. "Nataka picha ya mkono."

Akautoa. Ulikuwa na mbalanga. Weupe ulianzia vidoleni, ukapanda mgongo wa kiganja, ukakomea karibu na kifundo cha mkono. Si ukoma, wala hauambukizi, wala hauumi. Lakini nenda uwaambie watu hivyo. Kwa miaka ishirini Mama Hadia alikuwa mpakaji hina wa maharusi, na Kibera nzima ilimjua. Weupe ulipoingia mkononi, mama mmoja wa bi harusi aliahirisha, wa pili akaugua ghafla, wa tatu akasema kweupe kwamba mkono ule usimguse binti yake. Basi kazi ikaisha, na mwenye kazi akabaki.

Angeyavumilia hayo yote. Asichoweza kuvumilia ni kimoja. Binti yake wa pekee, Hadia, alikuwa amechumbiwa, na harusi ingekuwa Desemba ya mwaka uliofuata. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ametuma ujumbe mapema: atafutwe mpakaji mwingine.

"Nimepaka watoto wa watu mia tatu," Mama Hadia aliniambia siku ile, akiutazama mkono wake kama mgeni aliyekaa sana. "Wangu apakwe na mwingine?"

Daktari Muia alikuwa amesoma India, na huko alijifunza kuhamisha ngozi. Alinieleza baadaye, kwa subira ya mtu aliyezoea kueleza. Unachukua kipande cha ngozi pajani, chembamba kama ganda la kitunguu. Unakilowesha kwenye dawa mpaka chembe zinazotia rangi ziachane. Unakwangua weupe taratibu, unazipanda pale, unafunga bendeji wiki nzima. Ni kama miche ya sukuma, akasema, unaitoa kwenye kitalu unaipeleka shambani.

"Lakini hupandi miche kwenye shamba ambalo bado linaungua," akaongeza. "Ugonjwa lazima uwe umetulia mwaka mzima. Ukipanda ugonjwa ukiwa bado unatembea, unakula mche, na lile paja nalo linageuka jeupe. Ndiyo maana nataka picha. Nne, kila miezi mitatu, nyeusi na nyeupe, na rula kando. Septemba mwalimu wangu atakuja, tutawafanyia watu wanane tu."

Na sharti lingine lilikuwa hili: mwaka huo wote, hina isiguse mkono ule. Kwa mtu wa kwetu Bungoma hilo si kitu. Kwa Mnubi, mama mwenye mume aliyeonekana bila hina, Idd ya kwanza na Idd ya pili, watu walianza kumuuliza mumewe alikufa lini, maana anayekaa bila hina hivyo ni mjane aliye edani. Naye mumewe alikuwa hai, ameketi barazani akinywa kahawa. Mama Hadia alijibu kila mmoja. Sijui alitoa wapi moyo huo.

Siku ile ya kwanza alinionya.

"Daktari amesema upige kama ulivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Mama, unaona nimeanza kazi jana?"

"Nimesoma ukuta wako," akasema. "Ndiyo maana nakwambia."

Nikatandika kitambaa cheusi mezani, nikaweka rula ya mtoto wa shule, nikamwambia aweke mkono mwenyewe. Uliposogea vibaya, sikuurekebisha. Nilimwelekeza kwa maneno: kidogo kushoto, kidogo juu. Nilijiambia ni heshima, yeye mama wa Kiislamu, mimi mwanamume asiye wa nyumba yake. Heshima ilikuwepo, sikatai. Lakini heshima haimkatazi mtu kutazama, na mimi sikutazama. Nilisubiri mkono uingie kwenye lenzi, nikabonyeza, nikageuka.

Kila alipokuja aliniletea gurusa, zile chapati zao nyembamba, ndani ya sahani iliyofunikwa. Nilishukuru sana, nikasema nitakula baadaye. Akishaondoka nilimpa Mutie, fundi viatu wa jirani. Mutie alikula, akalamba vidole, na hakuna lililompata.

Picha nne nilizichapa vizuri. Chini ya ile taa nyekundu ya chumba cha giza niliona vidoa vyeupe karibu na kifundo, nikalaani vumbi, nikachukua brashi. Oktoba, Januari, Aprili, Julai. Ile ya mwisho niliimaliza nikipiga mluzi.

Septemba mwalimu alifika kutoka India, akakaa siku nne. Alhamisi ilikuwa ya kuchagua wagonjwa, Ijumaa na Jumamosi za kupanda ngozi, Jumapili ndege. Alhamisi saa nane mchana Mama Hadia aliingia studio. Hakukaa. Hakuwa na sahani ya gurusa.

"Wameniondoa," akasema.

Mwalimu alikuwa amepanga picha zangu nne mezani, akazisifu. Kisha akaushika mkono wenyewe, akausogeza dirishani. Kwenye kifundo, mbali kidogo na ule weupe mkubwa, palikuwa na vidoa saba vidogo, kama simsim zilizomwagika. Kwenye picha havikuwepo. Vidoa vya aina hiyo, alisema, ndivyo vinavyotangulia ugonjwa unapotaka kutembea. Kama mwezi wa saba havikuwepo na mwezi wa tisa vipo, basi shamba bado linaungua. Jina likakatwa, akawekwa mtu mwingine.

"Niliwaambia vilikuwepo kabla sijaacha hina," Mama Hadia akasema. "Daktari akaniambia, Mama, picha haisahau, binadamu ndiye anasahau. Sasa Ambrose, nijibu wewe. Vilikuwepo, ama havikuwepo?"

Akanyoosha mkono juu ya meza. Mimi nikatazama kalenda iliyokuwa nyuma yake.

"Sikumbuki, Mama Hadia."

"Filamu unazo?"

"Ziko, lakini ni nyingi. Rudi Jumatatu, nitakuwa nimezitafuta."

"Mwalimu anaondoka Jumapili."

"Nikizipata mapema nitakuletea."

Filamu zake zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, zimeandikwa jina na mwezi, maana mimi ni mtu wa mpango. Mkebe ulikuwa kwenye rafu niliyoweza kuifikia nikiwa nimeketi. Kabla hajavuka Naivasha Road nilikuwa nimeufungua.

Kwenye filamu mambo ni kinyume, cheupe huonekana cheusi. Nikaiweka Oktoba mbele ya dirisha. Kwenye kifundo, vitone saba vyeusi. Nikaifuta kwa kitambaa laini, nikapuliza. Vikabaki vilevile. Januari, saba. Aprili, saba. Julai, saba, vitatu juu na vinne chini, havijaongezeka, havijasogea hata upana wa uzi. Vumbi halitui mahali pamoja mara nne. Ilikuwa ngozi yake, na ngozi hiyo ilikuwa imetulia mwaka mzima kama daktari alivyotaka. Ushahidi wote ulikuwa mikononi mwangu, na zahanati ilikuwa mwendo wa dakika tano.

Nikaufunga mkebe.

Nimejiuliza sana kwa nini. Ule ukuta wangu ulichangia. Daktari alikuwa amesema atanitaja kwenye hospitali kubwa inayotaka mpiga picha, na hilo nalo lilichangia. Lakini sababu yenyewe ilikuwa ndogo na mbaya zaidi. Niliogopa kuulizwa: ulimpiga picha mara nne, yuko mbele yako, vidoa saba hukuviona? Jibu lilikuwa moja tu. Sikuwahi kuutazama ule mkono. Nilikuwa sawa na wale akina mama wa maharusi, ila wao walikuwa na ujasiri wa kusema.

Ijumaa nilipiga picha za watoto wa kipaimara. Jumamosi Mutie aliniambia ameona watu wakitoka zahanati na bendeji nyeupe, wakicheka. Jumapili nilienda kanisani nikaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, mpaka wa mbele yangu akageuka.

Jumatatu nilimkuta Mama Hadia mlangoni kabla sijafungua kufuli. Nilimpa ile filamu ya Oktoba, nikamwonyesha aishike kuelekea mwangaza. Akaangalia muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Saba," akasema. "Kwa hivyo vilikuwepo."

"Vilikuwepo. Nilidhani ni vumbi. Nikavijaza."

"Mara nne?"

"Mara nne."

"Na umeviona lini kwenye filamu?"

Hapo ningeweza kusema jana. Mungu anajua neno lilikuwa limefika mdomoni.

"Alhamisi," nikasema. "Ulipotoka tu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliiweka filamu mezani polepole, akaurudishia mkono wake gurbaba, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Na gurusa zangu," akauliza, "zilikuwa tamu?"

"Mama Hadia..."

"Mutie ndiye alinirudishia sahani, kila mara. Alishukuru sana. Mimi nilikuwa najua, Ambrose. Nikasema hakuna shida, huyu asile, bora apige picha vizuri. Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka kwako."

Nililia. Sioni haya kusema. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amezaliwa ndani ya siku nne.

Tulienda kwa Daktari Muia pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na mkebe wa biskuti. Daktari alizitazama filamu zote nne juu ya ile taa yake ya kutazamia picha za mifupa, kisha akavua miwani.

"Niliagiza nini, Ambrose?"

"Nisiongeze, nisipunguze."

"Mwalimu amepanda ndege jana usiku. Na vifaa ni vyake."

Mama Hadia ndiye aliyeuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari akafikiri. Peke yake hawezi kufanya mkono mzima, akasema, na mwalimu kurudi haijulikani lini. Lakini kuna jaribio dogo analoweza. Atatoa vipande sita pajani, kila kimoja kama punje ya wimbi, avipande katikati ya weupe, mgongoni mwa kiganja. Vikishika, na rangi ikaanza kutambaa, basi huo ni ushahidi ambao mwalimu hawezi kuupinga. Atamwandikia, na jina la Mama Hadia litakuwa la kwanza. Visiposhika, hakuna maneno tena. Miezi mitatu.

"Harusi ni Desemba," Mama Hadia akasema.

"Desemba haitawezekana, Mama. Pole."

Alitikisa kichwa mara moja tu.

"Na picha?" Daktari akaniangalia kwa jicho la kunihamisha mtaa. "Picha atapiga huyu tena?"

"Atapiga huyu," Mama Hadia akajibu. "Mwingine hatajua huyu alikosea wapi."

Jioni hiyo niliupaka chokaa ule ukuta wangu.

Vipande vilipandwa mwezi wa Novemba, mvua ya El Nino ikipiga mabati hata mtu hasikiki. Harusi ikafika kabla ya mfungo wa Ramadhani, nami niliitwa kupiga picha, sijui ni Hadia aliyeniita au ni mama yake. Mpakaji alikuwa ametolewa mbali, Kibigori. Alikuwa hodari, haki yake apewe: maua yalipanda mikononi mwa Hadia mpaka viwikoni.

Nilipowapanga kwa picha ya pamoja, akina mama wote walinyoosha mikono yao yenye hina ionekane. Mama Hadia peke yake aliuficha wake ndani ya gurbaba. Nilimwona kwenye lenzi, na safari hii niliteremsha kamera nikamwona kwa macho. Alikuwa akitabasamu kwa kila anayempongeza. Kilikuwa kitu kigumu kukitazama, nikakitazama.

Kisha nikaona mkono wa Hadia. Kidole kidogo cha kulia hakikuwa na hina, hata tone. Vingine vyote vilikuwa vimejaa, hicho kimoja kitupu. Mama mkwe alikuwa amekiona pia. Alinivuta kando.

"Fundi, hicho kidole utakijaza kwenye picha, si ndiyo? Nimesikia wewe unajua hiyo kazi. Msichana kichwa ngumu, amekataa kupakwa. Ati ni cha mama yake."

"Siku hizi sijazi, Mama," nikamwambia.

Akaniacha hapo akisonya.

Mwezi wa Februari, bendeji zikiwa zimesahaulika, Mama Hadia alikuja kwa picha ya miezi mitatu. Hadia alimsindikiza. Gurusa hakuleta, wala sikuzitarajia tena. Aliweka mkono juu ya kitambaa cheusi, nikapiga, nikaingia chumba cha giza wakati wao wanangoja kwenye benchi.

Picha ikapanda polepole ndani ya maji ya dawa. Kwanza rula, kisha vidole, kisha ule weupe mpana. Na katikati ya weupe, vidoa vyeusi. Mkono wangu ulikuwa umeshashika wembe. Kidoa cheusi kwenye picha hukwanguliwa kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka karatasi iwe safi, na nimekwangua maelfu. Niliuona wembe uko vidoleni mwangu na sikukumbuka kuuokota. Nikauweka chini.

Nikatoka na picha ikiwa bado inadondoka maji.

"Mama Hadia, naomba nione mkono."

Alinyanyuka, akaenda mlangoni penye mwangaza, akaunyoosha. Sikuugusa. Niliinama nikautazama, mara ya kwanza katika mwaka mmoja na miezi minne. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa na alama ya kuungua, ya zamani. Kucha zilikuwa zimekatwa fupi. Na mgongoni mwa kiganja, katikati ya ule weupe, vidoa vya rangi yake, kila kimoja kimekua kufikia upana wa dengu, vikitambaa pembezoni kutafutana.

"Havikuwa hivi mwezi uliopita," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kusema. Nikasema ngoja picha iseme."

"Vimeshika, Mama."

Tukahesabu. Kwenye picha vilikuwa sita. Kwenye mkono vilikuwa vitano, kimoja hakikuwa kimeshika. Tukahesabu tena, Hadia naye akija kuchungulia. Mama Hadia akaweka ncha ya kidole cha kushoto juu ya picha, kwenye kidoa kimoja kidogo pembeni.

"Hiki si changu. Hiki ni cha filamu yako," akasema. "Hicho kwangua."

Nikakwangua hapohapo, mbele yake, hicho kimoja. Ndiyo mara ya kwanza nilimsubiri mwenye mkono aseme.

Picha nilikuwa nimeifunga ndani ya bahasha ya kumpelekea Daktari Muia, nilipoona Mama Hadia amekaa tena kwenye benchi. Alitoa mkobani kibakuli kidogo chenye kifuniko, na njiti ya kiberiti. Hadia alimtazama mama yake, akauliza kama hawangoji mwalimu arudi, kama hawangoji mkono wote.

"Mwalimu anaweza kurudi mwakani, anaweza asirudi," mama yake akasema. "Lete kidole."

Hadia akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji na kukitoa kile kidole kitupu. Mkono ule mweupe wenye vidoa vitano ukachovya njiti kwenye hina, ukaanza kuchora kwenye ukucha, ukishuka, bila kutetemeka hata kidogo. Mutie aliacha nyundo yake akaja kusimama mlangoni. Hadia alikuwa akilia, mama yake akamwambia atulie, ataharibu ua.

"Ambrose," akasema bila kuinua kichwa. "Piga. Kama ulivyo."

Nikautazama kwanza mkono kwa macho yangu, kisha nikachukua kamera.